Nyanya Alivyoingia Bodi ya Shule Yetu

Juzi nilikwenda Ilford, mashariki ya London, kutafuta dera za harusi ya binamu yangu, na badala ya kwenda moja kwa moja kwenye maduka, miguu ikanipeleka mtaa wetu wa zamani. Unajua jinsi miguu ilivyo na mambo yake. Nikajikuta mbele ya lango la shule yangu ya msingi. Limefungwa mnyororo, ua umezungushiwa mbao ndefu, na mlinzi aliyevaa fulana ya manjano akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia la, sijapotea, nilisoma hapa. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba.

Nilipokuwa na miaka tisa, hapo palinuka kabichi ya kuchemsha, dawa ya sakafu na sweta zilizolowa mvua. Ilikuwa shule ndogo ya serikali, madarasa saba tu, na mwalimu mkuu wetu alikuwa mwanamke mfupi aliyefanya kila kitu. Choo kikiziba, ni yeye. Mpishi akiumwa, ni yeye tena, kashika upawa. Juu yake ilikuwapo bodi ya shule, yaani wazazi na wakazi wachache waliokutana kuulizana mambo yanakwendaje. Juu ya bodi walikuwapo watu wa elimu wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na juu ya wote wakaguzi, ambao walikuwa hawaji mara kwa mara, lakini wakitajwa tu walimu hubadilika rangi. Mwaka ule walitarajiwa wakati wowote, na watu walisema wazi kwamba tukianguka tena, shule itafungwa na sisi tutagawiwa kwenye ile shule kubwa ya ng'ambo ya reli, ambako watoto walikuwa wengi hata majina yao yalikuwa na namba.

Sisi tulikuwa watatu nyumbani: mama, nyanya na mimi. Mama alikuwa nesi, akiondoka asubuhi mapema na kurudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Nyanya ndiye aliyenilea. Alikuja kutoka Mombasa, ambako kwa miaka mingi aliuza viazi karai na mahamri kwenye lango la shule moja huko Majengo, na Kiingereza chake kilikuwa maneno manne, mawili kati ya hayo yakiwa "asante" na "ghali". Kwa hiyo karatasi zote zilizotoka shuleni nilimsomea mimi, naye akatia sahihi.

Hapo ndipo palipoanzia balaa. Siku moja nilileta karatasi ndefu yenye mistari mingi. Nyanya akauliza, "Yasemaje hii?" Nikaitazama. Nikamwambia ni ruhusa ya safari, darasa letu linakwenda kutazama wanyama. Akatia sahihi yake, ile yenye mkia kama wa samaki taa.

Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu akampigia mama simu kumpongeza. Nyanya alikuwa amechaguliwa mjumbe wa bodi ya shule, kuwakilisha wazazi na walezi. Kumbe ile karatasi ilikuwa ya kugombea, na hakuna mwingine aliyegombea.

Mama alirudi nyumbani akasimama mlangoni na koti lake. "Mama, umegombea uchaguzi?"

"Mimi? Nimekubali mtoto akatazame simba."

Mama akanigeukia. Nikasema maandishi yalikuwa madogo. Alitaka kupiga simu amtoe, lakini nyanya alikuwa ameshakaa kufikiri. Miaka yote ile alikuwa nje ya lango la shule. Leo wamemwita ndani kwa barua. Akasema, "Mwache. Wamenichagua watu, nitawakatalia vipi?"

Mikutano ilifanyika saa kumi na moja jioni kwenye maktaba, na viti vilikuwa vya watoto wa miaka sita. Mwenyekiti, mzee mmoja Mwingereza aliyestaafu posta, alikaa magoti yakimgusa kidevu. Kaunsili waliahidi mkalimani, hakuja, wakaahidi tena, hakuja tena, basi nikawekwa mimi. Nyanya aliingia na hoti-poti ya viazi karai na chupa ya ukwaju, kwa sababu kwake yeye watu kukutana bila kutafuna ni matusi. Mwenyekiti alionja kimoja kwa adabu. Alipokula cha tano aliacha kujifanya.

Siku ile ya kwanza mwalimu mkuu alionyesha ukutani michoro ya rangi: mahudhurio yanashuka, wanaochelewa wanaongezeka, kusoma kuko nyuma. Kila mtu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikatafsiri nilivyoweza. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hao wanaochelewa, ni akina nani?"

Nikalitafsiri. Mwalimu mkuu akaeleza kwamba ni kundi fulani, la hali fulani. Nyanya akasema, "La. Majina."

Mwenyekiti akafunua makaratasi yake, akayafunua upande wa pili. Majina hayakuwamo.

Tangu asubuhi ya pili yake nyanya akahamia kwenye lango. Alikaa kwenye kistuli kando ya nguzo, kajifunga leso mbili juu ya koti la baridi, akitazama nani kaingia na nani kachelewa. Ndani ya wiki alijua zaidi ya michoro yote ya ukutani. Waliochelewa sana walikuwa watoto watatu wa jirani yetu Mkongo, mama aliyesafisha ofisi mjini usiku kucha. Nyanya akamfuata mlangoni kwake.

"Mama, mie natoka ku kazi saa mbili ya asubui," alisema yule jirani, karibu alie. "Batoto banajivalisha benyewe."

Nyanya hakumtolea hotuba. Kesho yake saa mbili tulipita kwao, tukawakuta watoto watatu, mmoja kavaa suruali ya pajama. Tukawachukua. Kesho kutwa tukapita ghorofa ya pili kwa pacha wa Kibengali, kisha kwa kijana wa Kipolandi ambaye mbwa wao alikuwa akimfichia viatu. Mwezi ukapita, tukawa msafara. Watoto kumi na wanne kwenye njia ya miguu, nyanya mbele akipaza sauti, "Haya, twende, jua halingoji!" katika mji ambao jua lenyewe hulioni. Wale watoto hawakujua Kiswahili, lakini wote walijua "twende", na mmoja wa wale pacha alidhani ndilo jina la nyanya. Alimwita Bi Twende mpaka alipomaliza shule.

Mahudhurio yakapanda. Mwalimu mkuu akawa anamsalimia nyanya kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na furaha, lakini nilikuwa na woga pia, na hapa lazima nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Ile karatasi sikuisoma vibaya kwa sababu maandishi yalikuwa madogo. Sikuisoma kabisa. Nilikuwa sijui kusoma. Darasani nilikaa karibu na msichana mwenye sauti kubwa, nikishika kwa kichwa anachosoma, zamu yangu ikifika nikarudia. Katika ile michoro ya mwalimu mkuu, kwenye ile rangi ya walio nyuma, mimi nilikuwamo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitafsiri.

Basi wakaguzi wakaja. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa nguo za kijivu. Nyanya alipoelezwa kwamba wanakuja kuhoji kila mtu na kuandika majibu, alisema, "Aa, Munkar na Nakir," akiwataja wale malaika wanaomhoji maiti kaburini, akaenda kuchukua udhu.

Asubuhi yule mkaguzi wa kike aliomba kusikiliza watoto sita wakisoma. Nikaitwa. Akanipa kitabu nisichowahi kukiona, chenye picha ya mbweha juu ya pipa la taka. Msichana mwenye sauti kubwa hakuwapo. Nikatazama picha, nikaanza. Mbweha wangu alikuwa na njaa. Mbweha wangu alikwenda harusini mtaa wa Barking akaiba biriani. Alipokimbia akaangusha sinia, mama wa bibi harusi akamfukuza kwa kandambili. Mkaguzi alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Kitabu kilikuwa na maneno labda ishirini. Mimi nilisoma kwa dakika kumi. Alisema asante, akaandika kitu.

Mchana akataka kuongea na wajumbe wa bodi. Mkalimani wa simu alipatikana safari hii, lakini aliongea Kisomali. Wakaniita mimi. Nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, na nani kakaa pale na kalamu yake? Yule yule wa mbweha. Aliponiona, nyusi zake zilipanda zikakaa huko huko.

Akamuuliza nyanya swali refu: kwamba katika shule hii wapo watoto wanaojificha, wasiojua kusoma na hakuna anayewagundua, je, bodi inalijua hilo, na inafanya nini?

Nikamwambia nyanya, "Anauliza kama shule ni nzuri."

"Mwambie ni nzuri."

Nikamwambia. Mkaguzi akangoja. Nyanya akanigeukia polepole.

"Wewe. Maneno yake yalikuwa marefu, yako yametoka mafupi. Mengine umeyapeleka wapi?"

Mwalimu mkuu akatazama dari. Nikasema kwa sauti ndogo, "Anasema kuna watoto hawajui kusoma, wanajificha."

"Ni akina nani?"

Ungefanyaje wewe? Nikasema, "Mimi."

Nyanya hakushtuka. Akaivuta leso yake mabegani.

"Mwambie hivi, neno kwa neno, usipunguze. Mwambie najua. Najua tangu ile karatasi. Nilingoja safari ya simba wiki mbili nzima, mpaka nikakununulia mabuti ya mvua. Nilingoja useme mwenyewe, hukusema, na hapo kosa ni langu. Mwambie na mimi Kiingereza sisomi. Watupe meza moja na mwalimu mmoja, kila asubuhi kabla ya kengele. Tutakaa wawili. Na wengine wanaojificha watakuja, kwa sababu mtoto haoni haya mbele ya mzee asiyejua kama yeye."

Nikatafsiri yote, kamasi zinanitoka, hata mabuti ya mvua sikuyaacha. Mkaguzi aliweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimetafsiri kila neno. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na leo asubuhi?" Nikasema asubuhi niliongeza kidogo. Yule mwanamke akacheka, kicheko kikubwa ambacho huwezi kukitarajia ndani ya suti ile.

Hatukupewa sifa kubwa. Ripoti ilisema shule ina safari ndefu, hasa kwenye kusoma, lakini inajijua na inapanda. Haikufungwa. Walimu walikumbatiana kwenye korido, na mpishi siku hiyo alitupa keki ya kastadi mara mbili.

Meza tukapewa, karibu na rediata ya kupasha joto maktaba. Mwalimu msaidizi alikuja saa mbili na dakika ishirini, mimi na nyanya tukakaa bega kwa bega, na siku ya tatu wakatokea wengine wawili, kisha watano. Nyanya alikuwa mshindani mbaya. Akijua neno kabla yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nadhani nilijifunza kusoma kwa hasira ya kushindwa na mtu wa miaka sitini na nane. Kufikia kiangazi nilimsomea barua nzima ya kaunsili, na yeye akifuatisha kwa kidole kuhakikisha siruki mstari.

Alikaa kwenye bodi mpaka nilipoingia sekondari, kisha baridi ikayashinda magoti yake, akarudi Mombasa.

Shule haikufungwa na wakaguzi. Ilifungwa na vyumba vitupu. Kodi za nyumba zilipanda, jirani Mkongo akahamia mbali na wanawe, wale pacha wakaondoka, wa Kipolandi wakaondoka, kila mwaka darasa la kwanza likawa dogo zaidi, mpaka kaunsili wakasema haiwezekani. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sina wa kumkasirikia. Kumebaki ukimya tu mahali ambapo asubuhi watoto kumi na wanne walikuwa wakipiga kelele za "twende" kwa lafudhi saba.

Nilimpigia nyanya nikiwa nimesimama pale pale. Siku hizi hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele barabarani.

"Imefungwa kwa nini?"

"Watoto hawapo, Nyanya. Wamehama."

"Wamehama kwa nini?"

"Nyumba. Hazipatikani."

"Na hapo kwenye shule panafanywa nini?"

Nikatazama bango kubwa lililotundikwa juu ya zile mbao. "Panajengwa nyumba."

Nikamsikia anacheka, anacheka mpaka anakohoa, na mtu huko Mombasa anamletea maji.

"Wangeniuliza," akasema alipopata pumzi. "Wallahi wangeniuliza tu."