Risasi ya Kindi

Kule Masereka, mwindaji wa kindi alikuwa akilala kifudifudi juu ya jiwe lake, kitako cha bunduki begani, akilinda mahindi ya ng'ambo ya bonde. Kabla ya kufyatua aliita, "Ni miye!" na kila shamba likamwitikia, "Piga!" Ndipo aliposhusha pumzi, na kidole kikafuata. Vita havina macho, lakini bunduki ya yule mzee ilikuwa na masikio.

Asubuhi moja shamba la mwisho lilinyamaza. Mle shambani Virginie, aliyefika juzi tu akikimbia vita vya Beni, alisikia mwanaume akipaza sauti, akaona mtutu ukimeta, akajilaza mtaroni na watoto wake kungojea mlio. Haukulia. Kindi alimaliza hindi lake kwa raha zake. Baada ya muda mrefu mwindaji akatokea akihema, mtutu umeelekea chini, risasi zote wazi juu ya kiganja chake kipana.

"Pole, mama. Nikiita, unijibu tu, piga."

"Na nikisikia mulio bila wito, papa?"

Alizirudisha risasi mfukoni, moja moja.

"Ile haiko yangu. Beba batoto, ukimbie."