Makaburi Matatu ya Nzuguni

Simu ikilia, Mheshimiwa Zablon Mhembano alisimama. Hata kama alikuwa anaagiza nyama buchani, alifunga kwanza kifungo cha koti ndipo akasema "haloo". Mke wake, Mama Zipora, alimtania miaka yote: "Kaa, baba, Spika hayupo buchani." Hakukaa.

Nilimfahamu kabla hajawa mheshimiwa. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka tisa, naye alikuwa wakili kijana mwenye suruali moja nzuri. Bibi yangu Stumai alikuwa mteja wake. Mwekezaji mmoja alidai kwamba shamba letu la Nzuguni lilikuwa pori lisilo na mwenyewe, na sisi hatukuwa na karatasi. Zablon akamleta hakimu shambani, jua kali, na bibi akamwonyesha marundo matatu ya mawe: baba mkwe wake, mama mkwe, na mumewe, babu yangu Nikolaus. Hakimu alivua kofia. Tukashinda.

Kesi hiyo ndiyo iliyompeleka bungeni. Watu walimwita Wakili wa Makaburi, akachaguliwa vipindi vitano. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa ofisi yake ya jimbo. Nilichapa hotuba zake, na karibu kila iliyohusu ardhi ilianza na yale mawe. Nilijivunia. Babu alikuwa wangu.

Mwaka jana tuliambiwa kuwa barabara itapanuliwa, na makaburi yatahamishwa. Nikaletewa fomu: ndugu wa karibu aandike nani amelala wapi, atie saini, na awepo siku ya kufukua. Bibi alishafariki, mama pia. Nikaenda mtaa wa Kikuyu, nyumbani kwa Mzee Zablon, kumuuliza ni lipi la babu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Priska. Usitie saini."

Fomu ilikuwa bado kwenye mkoba. "Kwa nini?"

"Watachimba."

"Si ndiyo kazi ya fomu, Mzee?"

Mama Zipora alicheka kutoka jikoni. "Ndivyo alivyo siku hizi, mwanangu! Ukimuuliza kama chai ina sukari, anaomba muda wa kujiandaa."

Mzee hakucheka. Aliangalia mikono yake. "Mawili ni ya kweli. La tatu, bibi yako alionyesha mawe. Mimi sikumuuliza chini kuna nini."

"Mawili hayakutosha?"

"Yalikuwa ya zamani mno. Mwekezaji alisema ni ya wapita njia. Hakimu alitaka kumwona mjane kwenye kaburi la mumewe."

"Kwa hiyo ulijua."

"Wakili mzuri hajui." Kisha, polepole: "Shamba lilikuwa lenu, Priska. Hilo nililijua."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa kujua nianzie wapi. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye uwele wa shamba lile. Bibi ndiye aliyenichapa kwa uongo wa kijiko cha sukari. Nikiandika makaburi matatu, watachimba wakute udongo mtupu chini ya jina la babu. Nikiandika mawili, ninamwita bibi mwongo mbele ya Nzuguni nzima. Nisipoandika kitu, wazee wale wawili watahamishwa kama watu wasio na ndugu.

Siku tisa baadaye mzee alifariki. Kwenye mazishi walimsifu Wakili wa Makaburi, nami nikapiga makofi pamoja nao, sijui kwa nini. Fomu iko mezani kwangu. Nafasi ya tatu nimeiacha wazi, na wiki ijayo wanakuja kuichukua.

Siku ile ya Kikuyu, nikiwa nimeshavaa viatu mlangoni, niligeuka nikamuuliza babu yuko wapi basi.

"Kila mwaka mvua zikikaribia, bibi yako alipanda basi la kwenda kijijini Mlali na jembe begani," alisema. "Mfu halimiwi shamba. Nyie mlidhani anakwenda kumlimia nani?"