Mtu Aliyekuja Kuongea na Opiyo

Sikuombi uniamini kwa sababu mimi ni mtu mwema. Niamini kwa sababu hakuna ninachopata kwa kusimulia jambo hili, na kila ninapolisimulia huwa silali vizuri siku mbili tatu. Sikuwa mgonjwa siku ile. Sikuwa na usingizi. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na mtu yule alisimama mbele yangu karibu kama ulivyo karibu wewe na kitabu hiki.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa karani katika ofisi ya mradi mmoja wa kilimo, Migori mjini. Bosi wetu aliletewa kompyuta, na ndani yake kulikuwa na programu ya kupigia simu kwa mtandao. Najua mnacheka. Lakini zamani hizo kuongea na mtu wa ng'ambo bila kupitia kwa opereta wa posta kulikuwa kama uchawi. Kompyuta ilipiga kwanza Nairobi kwa laini ya kawaida ya simu, modemu ikalia kama paka wawili wanaopigana, halafu unangoja. Ikikubali, unaona kwenye kioo majina ya watu waliopo. Unabonyeza jina la mtu wako, na sauti yake inatoka kwenye spika, yuko Kanada huko, wewe uko Migori.

Shida ni kwamba hamkuweza kusema kwa pamoja. Mmoja akisema, mwingine anasubiri. Maneno yalichelewa, mengine yakafika nusu. Ilitaka mtu mwenye subira, na mimi siku ile subira sikuwa nayo.

Mimi ni Msabato. Jumamosi siendi kazini, kwa hiyo nilikuwa nafidia Jumapili, ofisi ikiwa tupu. Bosi aliruhusu watu wachache wenye jamaa ng'ambo waje saa hizo waongee nao. Mmoja wao alikuwa mama wa kutoka Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, tuliyemwita Min Opiyo, yaani mama yake Opiyo. Mwanawe alikuwa anasoma Kanada. Kila Jumapili saa nane yetu, huko kwao asubuhi, Opiyo alikuwa mbele ya kompyuta yake akimngoja mamake. Sauti yake niliijua vizuri. Ilikuwa nzito, na alikuwa na tabia ya kuvuta neno la mwisho.

Jumapili hiyo nilikuwa situlii kabisa. Bosi alikuwa anategemea simu ya Nairobi saa tisa, akaniambia laini iwe wazi, nisimwaibishe. Kwa hiyo nilikuwa nainuka, naketi, naangalia saa ya ukutani, nachungulia nje. Saa nane ikafika. Nikaunganisha, jina la Opiyo likatokea kwenye kioo, lakini mamake hakuonekana. Dakika kumi. Kumi na tano. Nilipogeuka kutoka dirishani, mwanamume alikuwa amesimama mlangoni.

"Amosi, nyaminwa," alinisalimu kwa adabu, akiniita dada. "Nimekuja kuongea na Opiyo. Mimi ni Odongo, pacha wake."

Hata asingesema ningejua. Sauti ilikuwa ile ile, na neno la mwisho akalivuta vile vile. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye nywele, kwenye nyusi, hadi kwenye kope. Sikushangaa, maana wachimbaji wa Masara walikuja mjini hivyo hivyo. Alinukia mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Mama yuko wapi leo?" nikamuuliza.

Alisema, "Hewa hapa ni kidogo. Fungua dirisha."

"Yako wazi yote, ndugu."

"Fungua lingine."

Hakukuwa na lingine. Nikamwonyesha kiti, hakuketi. Nikamwonyesha maikrofoni mezani, nikamwambia asubiri Opiyo amalize ndipo aseme, kisha nikarudi kwenye taipureta yangu ili nisionekane nasikiliza maneno ya watu.

Lakini chumba ni kimoja, utafanyaje? Alikuwa ameinamia meza akisema Kiluo kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nilisikia "shimo la zamani." Nilisikia "upande wa mto," na "maji yanapanda." Nikajiambia hayo ndiyo mazungumzo ya Masara, wanaume wa huko hawana habari nyingine ila mashimo. Opiyo naye alikuwa akijibu kwenye spika, maneno yamekatikakatika: "Nani ... unasema nini ... rudia, omera, rudia," yaani ndugu yangu.

Saa tisa kasoro dakika sita. Nikasimama.

"Ndugu, samahani. Muda umekwisha, laini inahitajika."

Aligeuka akaniangalia. Hakuwa na hasira. Aliinua mkono, akanionyesha vidole vitatu.

Nikadhani ananiomba dakika tatu. Wewe ungedhani nini? "Haiwezekani," nikamwambia, nikanyoosha mkono, nikakata.

"Bado sijamaliza," alisema. Basi. Akatoka polepole, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba hakunigombeza.

Nilipokwenda kupanga meza ndipo nikaona waya wa maikrofoni. Ulikuwa umelala juu ya karatasi, haujachomekwa mahali popote. Nilikuwa nimeuchomoa mwenyewe asubuhi nikifuta vumbi. Niliushika ule waya mkononi, nikaufuata hadi ncha yake. Kama maikrofoni haikuwa kwenye kompyuta, Opiyo alikuwa anajibu sauti ipi?

Simu ikalia. Nikajua ni Nairobi, nikainua. Alikuwa Opiyo, amepiga kwa simu ya kawaida, anapiga kelele.

"Mbona umekata? Mpe Odongo simu!"

"Ameshatoka."

"Ameshatoka vipi? Ameniambia yuko ndani ya shimo la zamani pale Masara, upande wa mto! Ameniambia limewaangukia! Madam, mtu aliye chini ya shimo anakujaje ofisini kwako?"

Nikaweka simu chini. Nilimwita Mwita, dereva wa ofisi, tukaingia kwenye pikapu, na simu ya bosi ikabaki bila mtu wa kuipokea. Njiani nilimweleza yote. Mwita alikuwa Mkuria asiyependa maneno mengi. Aliuliza tu, "Dada, tukifika tutasema nani ametuambia?"

"Tutasema Opiyo."

Min Opiyo tulimkuta nyumbani, homa imemlaza, ndiyo maana hakuja. Alituambia Odongo aliondoka Alhamisi, wakiwa wamekosana kidogo, akasema anakwenda Mwanza kutafuta maisha. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Kwa nini wamtafute? Wachimbaji nao walikataa. Shimo hilo lilifungwa mwaka uliopita, walisema, ni marufuku, hakuna mtu anayeingia humo. Wakati tukibishana, yule mama aliyekuwa na homa alichukua jembe, akatangulia kuelekea mtoni. Wanaume wakaona aibu, wakamfuata.

Mdomo wa shimo ulikuwa umeporomoka, na udongo wa juu ulikuwa mbichi.

Walichimba jioni yote na usiku kucha, kwa taa za karabai na tochi, maji yakitekwa kwa ndoo. Kulipokaribia kupambazuka wakamfikia Odongo. Mzee aliyekuwa akiwasimamia alimgusa mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu si wa leo wala wa jana." Lakini mimi nilikuwa nimemwona jana yake mchana, nimemwonyesha kiti! Nilimtazama usoni. Udongo ulikuwa kwenye nyusi na kwenye kope, vile vile.

Nyuma yake kulikuwa na mwingine, kijana anayeitwa Marwa, miguu imebanwa na jiwe, na alikuwa anapumua. Watu walipiga nduru za furaha na za kilio kwa wakati mmoja. Marwa akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Mvua ikaanza, maji yakazidi shimoni, wachimbaji wakapanda juu. Kazi ilikuwa imekwisha. Kila mtu alisema Odongo amefanya jambo kubwa, amekuja kumwokoa mwenzake. Walinishika mikono, wakanishukuru na mimi. Niliona ni sawa kushukuriwa.

Jumatano Marwa akafungua macho. Neno lake la kwanza kwa nesi lilikuwa, "Na Okello mmemlaza wapi?"

Mwita ndiye aliyeniletea habari hiyo ofisini. Nilikuwa nimesimama. Nikakumbuka ule mkono ulioinuliwa, vidole vitatu, watu watatu, nikaketi chini sakafuni, palepale, mbele ya watu.

Walirudi kuchimba siku hiyo hiyo. Okello alikuwa ndani zaidi, mahali palipoinuka, maji hayakupafika. Walimkuta ameketi ameegemea ukuta, hana jeraha hata moja. Daktari alisema hakufa siku ya mporomoko. Alisema huenda Jumanne alikuwa bado hai. Unasikia? Jumanne! Sisi Jumatatu tulikuwa juu ya kichwa chake tunashukuriana.

Okello alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Takawiri. Samaki walikuwa wamepungua, akaja kujaribu bahati yake kwenye dhahabu. Baada ya mazishi nilivuka ziwa kwenda kumwona mkewe, Akoth. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anaanua omena, wale dagaa wa ziwani, juani, mtoto mgongoni. Nilimweleza kila kitu, hadi vile vidole, hadi nilivyokata. Aliendelea kukusanya omena mpaka nilipomaliza.

"Huyo Odongo," akaniuliza, "alikusemesha vibaya?"

"Hapana."

"Alikuomba kwa heshima?"

"Kwa heshima kabisa."

"Basi ungemngoja," alisema. Akainua karai lake, akaingia ndani. Hakunifukuza. Hakunikaribisha pia. Nilikaa nje pale mpaka boti ya kurudi ilipokuja.

Opiyo alikuja nyumbani kumzika pacha wake. Tulionana mara moja. Aliniambia kwamba katika ile simu hakusikia mkwaruzo hata mmoja wala kuchelewa, sauti ya nduguye ilikuwa safi kama yuko chumba kimoja naye. Maneno ya mwisho aliyoyapata yalikuwa, "Omera, waambie tuko ..." halafu kimya. Hakunilaumu. Ni afadhali angenilaumu.

Kazi ile niliiacha kabla ya mwaka kwisha. Nimezeeka sasa, na siku hizi kila mtu ana simu mfukoni yenye sauti na picha. Wanangu wananicheka kwa sababu siwezi kukata mimi kwanza. Mtu akiaga, nangoja. Akinyamaza, nangoja. Mara nyingine namwuliza, "Umemaliza?" na akisema ndiyo, namwuliza tena. Wanasema ni uzee. Siwabishii, ingawa usiku huamka mara mbili tatu nikafungua madirisha yote ya nyumba, hata wakati wa baridi, na mume wangu ameshazoea, anajifunika tu.

Sijui kama wafu wana njia zao au walipewa njia moja tu siku ile. Hilo waulizeni wachungaji. Mimi ninachokuambia ni hiki: akija mtu mlangoni kwako, umjue usimjue, awe msafi au mwenye udongo, akakuambia bado hajamaliza, usiangalie saa. Achana na bosi, achana na laini. Mwache aseme mpaka mwisho.