Gari la Baba Lililogawanywa Mafungu Manne

Nilitoka nyumbani kwangu Kerege kwa sababu watu wasionijua waliniita muongo. Mjukuu wangu Zuhura ni fundi magari, mwanamke peke yake kwenye gereji ya wanaume watupu, na akikwambia injini inaumwa hapa, basi inaumwa hapo hapo. Naringa naye, sifichi. Kwenye simu yake ana kundi la wapenda magari ya kizamani, yale ambayo hata mafundi wengine hawajapata kuyasikia. Akawaandikia kwamba baba wa bibi yake alikuwa na gari la magurudumu matatu, dogo kama yai, lisilo na mlango ubavuni. Mlango wake ulikuwa uso wote wa mbele, na ukiufungua, usukani unatoka nao. Bwana mmoja mjuaji akamjibu kuwa gari hilo halijafika pwani hii hata siku moja, bibi yako ameota. Wenzake wakacheka.

"Bibi, kweli lilikuwepo?" Zuhura akaniuliza.

"Kiti chake nakikalia kila siku, unaniuliza lilikuwepo?"

Baba alikuwa dereva wa daktari wa Kizungu, na daktari alipokwenda kwao moja kwa moja akamwachia gari. Siku moja baba alilisimamisha pua ukutani, likazimika. Mlango mbele, ukuta mbele. Akatokea juu, kwenye turubai la paa, kanzu imemfunika uso, mtaa mzima unatazama. Sasa jambo kama hilo mtu analiota?

Baba alipofariki, gari liligawanywa kama mirathi nyingine: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Ndugu yangu Kibwana akapata bodi na injini, mdogo wetu Mwanamvua akapata mlango, mimi magurudumu na kiti. Zuhura aliposikia alishika kichwa kama aliyefiwa. Akasema kama bodi bado lipo, namba iliyogongwa kwenye chuma itawanyamazisha wote, na yeye mwenyewe ataliunga gari upya mpaka litembee. Bila bodi hana gari, ana kiti cha bibi.

Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka na kirikuu, kile kigari cha mizigo alichokiazima gereji. Kerege na Bagamoyo si mbali, lakini mtoto huyu hapiti gari bovu bila kusimama. Tulipofika Zinga akashuka kupiga picha mkebe wa gari uliooza uani kwa watu. Tulipofika Kiromo akashuka tena.

"Bibi, hili lilitengenezwa mwaka mmoja tu!"

"Na mimi nilizaliwa siku moja tu, mbona hunipigi picha? Panda twende!"

Saa tatu tukaingia Bagamoyo, kwa Mwanamvua. Mlango wa baba niliuona kabla ya kumwona yeye: ameufanya mlango wa banda la kuku. Kioo kinang'aa, kuku wamejipanga ndani wanatutazama kama abiria.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimefuata mlango."

"Hata hali hujaniuliza!"

Ikabidi nikae. Ikabidi nimuulize hali, yeye, mumewe, watoto, na mguu wa mumewe. Chai, chapati, tena chai. Mwisho akasema mlango ni fungu lake, na kuku wake watalala wapi?

"Kuku wa watu wengine wanalala wapi?"

"Hao hawajazoea kioo, dada. Wangu wamezoea kutazama nje."

Basi Zuhura akagongagonga mbao na wavu mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, akawatengenezea kuku mlango mpya ndipo tukapewa wetu. Mwanamvua akaukagua, akasema haufungi vizuri. Nilinyamaza. Kunyamaza kule Mungu ataniandikia thawabu.

Saa nane mchana tulifika Kiwangwa, jua linachoma. Kibwana analima mananasi. Alitupeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha makuti, akavuta turubai, na bodi la baba likatokea, limepakwa mafuta kila mahali, halina kutu. Injini ilikuwa kando, imefungwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Zuhura akapiga magoti, machozi yakamlenga.

"Mwanamvua amenipigia simu," Kibwana akasema. "Chukueni. Ila kwanza, dada, mwambie mjukuu wako nani aliyeligawa gari hili."

"Sheria."

"Sheria ilisema tugawane mali, haikusema tushike msumeno! Shehe alituambia tuliuze au tulitumie kwa zamu. Nani alisema anataka fungu lake mkononi, leo leo?"

Zuhura akanigeukia. "Bibi?"

Basi, nikasema. Siku ya harusi ya Mwanamvua nilikuwa natembea kwa miguu juani, sufuria la pilau kichwani. Kibwana akanipita na gari la baba, akanipigia honi, akaenda zake. Sikumsamehe. Baba alipokufa nikafungua magurudumu kwa mikono yangu, na fimbo ya usukani, ile inayounga mlango na bodi, iliponigomea nikaikata kwa msumeno wa chuma.

"Lakini dada, gari la watu wawili!" Kibwana akapiga paja. "Ndani nilikuwamo mimi na bibi harusi. Ningekuweka wapi, juu ya paa?"

Kiti chenyewe ninacho mimi, nakikalia kila siku, kinatosha makalio ya watu wawili wasionenepa.

"Nilikosea," nikasema.

"Sema kwa nguvu, masikio yamezeeka."

"Nilikosea, Kibwana! Msumeno nilishika mimi, na ukiniuliza tena nitaushika tena!"

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akawaita vibarua wake, wakalinyanyua bodi kama kitanda.

Jioni tulirudi Kerege. Zuhura akavipanga vyote uani, akaisugua namba kwa mafuta ya taa mpaka ikasomeka, akapiga picha, akatuma. Mimi nilichojifunza ni hiki: kitu adimu hakikupotezwa na wageni, tulikipoteza sisi, kila mtu na kipande chake, kila mtu ana haki.

Kisha yule bwana mjuaji akaandika, na Zuhura akanisomea:

"Namwomba bibi radhi, gari ni la kweli. Lakini huyo mpumbavu aliyekata usukani ni nani?"

Zuhura akanitazama. "Nimwambie haijulikani?"

"Mwandikie ni bibi yako," nikasema. "Na hilo neno mpumbavu, aje alirudie hapa hapa Kerege."