Diploma ya Mchezaji Bora

Wiki iliyopita nilipanga mstari kwenye ofisi ya chuo kimoja hapa Bunia, nyuma ya mama aliyetoka mtaa wa Ngezi. Alifuata diploma ya mwanawe, yule mchezaji bora wa vyuo aliyefariki mwaka jana.

Karani aliposikia jina aliruka kitini. "Mama ya bingwa! Ile goli ya finali!" Akapiga teke hewani kwa mguu wa kushoto, kama bingwa mwenyewe. Wenzake wakashangilia.

"Na diploma?" mama akauliza.

"Ile, mwenyewe anapashwa kuja kusaini."

"Mutoto alikufa. Weye mwenyewe ulibeba sanduku yake."

"Najua, mama. Lakini sheria iko sheria."

Mama alivuta kiti, akakaa katikati ya mlango. "Basi nitamungojea hapa."

Karani alicheka, halafu akaacha kucheka. Saa sita ilipofika alitaka kwenda kula, na mama hakusogea. Diploma ikatoka kwenye droo bila saini ya mtu yeyote.

Mji mzima tunajua mguu wa kushoto wa kijana yule. Kwamba alimaliza masomo ya kilimo kwa alama za juu tulijua siku ile, kwa sababu mama yake alitusomea diploma ile kwa sauti, mara mbili.