Mizani ya Ruthu

Zamani ofisi ya kiwanda kile cha mafuta ya alizeti, Kizota mjini Dodoma, ilikuwa na makarani wa kutosha kugombania birika la chai. Serikali ilipokiuza, wakapunguzwa kazi. Kufika mwaka 2004 waliobaki humo ni Ruthu na feni, na feni ndiyo iliyokuwa na maneno mengi.

Ruthu alitoka Njombe. Alipanga chumba Mkonze, Dodoma hakuwa na ndugu, na kazi yake hakuna aliyeielewa. Bwana Shaban, mwenye kiwanda, alinunua mizani ya umeme, Ruthu akaandika programu ya kupokea uzito kwenye kompyuta. Programu aliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, lakini mizani ilikuja na programu yake ya lugha ya C. Ikabidi Python iipe C pointa, yaani anwani ya mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta: uzito ukipatikana, uweke hapa. Hebu mweleze hayo mama mwenye nyumba anayetaka tu kujua utaolewa lini.

Msimu ulipopamba moto, mizani ikapata wazimu. Gunia la mama Evelina, mkulima wa siku nyingi, lilisomeka zito kuliko lori lililolileta. La pili likasomeka tupu. Wakulima walishapunjwa sana na wanunuzi, wakaanza kunung'unika.

"Mwanangu, hii mashine yako inanichezea," alisema mama Evelina.

"Nisamehe mama, naishughulikia."

Bwana Shaban hakuwa na subira. "Kesho ikidanganya tena, narudisha mizani ya mawe. Na wewe Ruthu, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Ruthu akakaa kwenye kompyuta. Alitamani mtu, hata mmoja, wa kumwambia "hebu njoo utazame hapa". Hakuwepo. Alasiri akaliona kosa mwenyewe. C ilipopewa anwani ilingoja kwanza mizani itulie, ndipo iandike. Python haingoji. Hutunza kitu mradi kuna jina linalokishikilia. Jina likikosekana, mahali pale hupewa mwingine bila taarifa. Uzito ulikuwa unafika na kukuta wapangaji wapya.

Iliuma, tusifichane. Alijiuliza ni nani Dodoma nzima anayelitaja jina lake baada ya saa za kazi. Hakumpata.

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: kupatia mahali pale jina, papate kushikiliwa mpaka C imalize. Jina lolote lingefaa. Akaandika: usiondoke.

Kesho yake magunia ya mama Evelina yalisomeka sawasawa. Walipoyarudia kwenye mizani ya mawe, uzito ukawa uleule.

"Sasa mashine ina adabu," alisema mama Evelina.

Bwana Shaban akaipapasa mizani kama ng'ombe aliyepata bei nzuri mnadani, kisha akaingia ofisini na kuinamia kioo cha kompyuta.

"Usiondoke? Unamwambia nani?"

"Ni kumbukumbu tu, bosi."

"Ninyi watu wa kompyuta!" Akacheka, akachukua funguo za gari mezani, akatoka.

Ruthu alikuwa na jibu jingine, la kweli, tayari mdomoni. Alingoja aulize mara ya pili. Nje, gari lilikuwa limeshawaka.