Niliitikia Amin kwa Gari la Mjomba

Nikinyamaza mpaka Jumatatu, nitakuwa nimesema uongo, au nitakuwa sijasema kitu tu? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mwenye makosa ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia bure.

Mimi ni kijana wa Mji wa Kale, nina digrii ya kemia na sina kazi. Mjomba wangu ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki. Ana gari moja la zamani, rangi ya maji ya kunde, na analipenda kuliko meno yake yaliyobaki.

Alipokwenda Unguja kumtazama dadake, aliniachia ufunguo. "Uliwashe kila asubuhi, injini isilale. Usiende nalo popote." Aliona nimesoma, basi nitaelewa. Nilielewa vizuri sana, ndiyo maana sina pa kujificha.

Rafiki yangu Twalib alikuwa anaoa Ijumaa ile, na upande wa bibi harusi ulitaka gari jeupe. Kaka yake Twalib ni baharia, na alikuwa ameleta makopo ya rangi nyeupe ya mpira. Unaipuliza juu ya rangi ya gari, inakauka na kuwa kama ngozi. Ukiichoka unaibandua, na rangi ya chini unaikuta salama, haikuguswa hata na chumvi ya bahari.

"Wewe si mtu wa kemia?" Twalib akaniuliza. "Au hiyo digrii ni karatasi ya kufungia vitumbua?"

Maneno hayo yalinichoma! Nikaijaribu rangi kwenye beseni la mama. Ikabanduka kama ganda la ndizi. Nikaijaribu kwenye sufuria. Nikaijaribu kwenye mlango wa choo. Katika utafiti wote huo sikujiuliza swali moja dogo: gari ni la nani?

Nikalipaka gari la mjomba, na harusi ikapita salama. Gari liling'aa, akina mama wakapiga vigelegele, na bibi harusi akapanda bila kujua kuwa amepanda uongo wangu.

Jumamosi nilitakiwa kubandua. Lakini nikaanza kufikiri. Nikibandua juani, mpira hautavutika? Nikibandua kivulini, hautakatika? Nililizunguka gari mpaka adhuhuri, nikaahirisha. Jumapili nilikuwa bado nalizunguka niliposikia sauti nyuma yangu.

"Salaam aleikum."

Mjomba! Amerudi mapema, mkoba mkononi, wala hakupiga simu dukani kwa jirani kutuarifu. Akalitazama gari. Akanitazama mimi. Nikajua leo ndiyo siku yangu.

"Mwanangu, umenipakia gari rangi?"

"Mjomba, ni kwamba..."

"Usiseme! Watu kila siku waniambia, kijana umemsomesha na hajakuletea hata leso. Nawe umenyamaza, kumbe waniandalia jambo!"

Akalia. Mtu mzima yule, akalia pale barabarani, na mimi nikampa kitambaa changu ajifute.

Kabla ya alasiri alikuwa ameshanunua halwa na kuwaita wazee wa barazani. Udi ukafukizwa garini, mpaka chini ya viti. Maalim wa mtaani akainua mikono akaniombea: Mungu amzidishie kijana huyu anayekumbuka fadhila.

Na mimi, mbele ya wote, nikaitikia: "Amin."

Hilo ndilo kosa langu. Mpira ulikuwa na njia ya kubanduliwa. Ile Amin haikuwa nayo.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi. Nililitafutia gari kivuli, nikafukuza kila mwenye kucha ndefu. "Mtazameni anavyolionea uchungu!" mjomba akawaambia wenzake.

Nilichosahau ni kwamba petroli hula mpira. Mimi, mtu wa kemia!

Mjomba hutia petroli kule Tononoka, kwa Mutiso, Mkamba mmoja ambaye wamezoeana na kutaniana miaka mingi. Siku moja ya wiki hiyo petroli ilimwagika kidogo chini ya kifuniko. Mjomba alipofika nyumbani, ubavu wa gari ulikuwa umevimba na kukunjamana kama mtu aliyeungua.

"Mutiso kanichomea zawadi ya mwanangu!" akapiga kelele, akaenda moja kwa moja kwa meneja. Meneja akamwambia Mutiso akae nyumbani. Kama ikifika Jumatatu mzee bado analalamika, asirudi tena kazini.

Mutiso akaja kwetu, kofia mkononi.

"Mzee, petroli ni ile ile. Gari hili halijawahi kuota malengelenge."

"Basi limejichoma lenyewe?"

"Sijui, mzee. Nina watoto shuleni. Ningejua ningekwambia."

Mjomba akanigeukia. "Wewe msomi, waonaje?"

Nikajibu kwamba jambo hilo lahitaji uchunguzi! Mutiso akanishukuru. Akanishukuru, jamani!

Nikafikiri tena, maana hiyo ndiyo kazi pekee niliyo nayo. Nikisema, nitamvunja moyo mjomba. Nisiposema, Mutiso atafukuzwa, lakini nitamsaidia kuandika barua za kuomba kazi, kwa kuwa mimi ni fundi wa barua hizo. Nilifikia hata kuutunga mwanzo wa barua yake!

Nyinyi mnaosoma, mkishukuriwa kwa jambo msilolifanya, kataeni papo hapo, kabla halwa haijafika. Halwa ikishaliwa, kusema kweli kunakuwa kama kumnyang'anya mtu tonge.

Jumatatu mjomba akaniambia nifuatane naye. Udi ulikuwa bado wanukia vitini. Nilikaa ndani ya harufu ile mpaka Tononoka. Mutiso alikuwa amesimama kando ya pampu, amevaa nguo za nyumbani.

"Mzee, bado walalamika?" meneja akauliza.

Kabla mjomba hajafungua kinywa, nikaushika ule ukingo uliovimba, nikavuta.

Ukabanduka vizuri ajabu! Kutoka kifuniko cha petroli mpaka taa ya nyuma, kipande kimoja, kama nilivyokuwa nikiota. Na chini yake, maji ya kunde, safi kabisa.

"Haikuwa zawadi, mjomba. Nililipaka kwa ajili ya harusi ya Twalib. Mutiso hana kosa."

Mjomba akakichukua kile kipande, akakivuta huku na huku kama apimaye kitambaa.

"Kwa hivyo shukrani zako zavuliwa kama soksi."

Kisha akamgeukia Mutiso, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwomba radhi mbele ya meneja. Mimi ndiye niliyestahili kuinama, na aliyeinama ni yeye.

"Haya, vua lote," akaniambia. "Mimi na Mutiso tutakaa hapa tukutazame. Ukimaliza, ukanunue halwa. Walioitikia Amin wana haki ya kujua waliitikia nini."

Nikanunua ile ile, yenye lozi. Nikaipeleka barazani, na kila aliyenyoosha mkono nilimweleza kwanza, ndipo nikampa.